Bunduki ya Yatima

Irene,

Kabla hujafungua ukurasa wa pili, nakuomba ufunge mlango. Usimsomee mtu yeyote, hata kwa kufupisha. Usimpigie mama simu ukamwambia Severin ana matatizo, maana mama atamwambia katekista, na katekista atautangazia mtaa mzima kwa njia ya sala. Maneno ya humu yanaweza kumfunga mmoja, kumrudisha kwao mwingine mikono mitupu, na mimi sijui yatanifanya nini. Niliyaandika kwa sababu ofisini hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye ambaye hatayafikisha kwa mwingine. Ukimaliza, lifiche daftari. Wale wasichana watano unaolala nao chumba kimoja simwamini hata mmoja wao. Nisamehe, lakini simwamini.

3 Juni 2014, Jumanne

Leo nimeandika orodha ya vitu arobaini na kimoja, nikasaini chini yake.

Naeleza tangu mwanzo ili nikija kuulizwa nijibu vilevile kila mara. Bosi wetu, mzee Khalfan, alifariki tarehe 27 Aprili. Kampuni yake inapokea mizigo ya watu hapa Al Baraha na kuipeleka bandari ya Al Hamriya, iende Unguja na Mombasa. Ameacha mke, Madam Swafiya, na mtoto mmoja, Hilali, wa miaka kumi na sita. Ni Wazanzibari wa zamani wa mji huu: pasipoti zao za hapa, Kiswahili chao cha Unguja. Madam yumo edani. Miezi minne na siku kumi hatoki nje wala haonwi na mwanamume wa kando. Kwa hiyo nikiitwa nyumbani mimi hukaa ukumbini kwenye kiti cha plastiki, yeye husemea nyuma ya mlango wa chumba, na Joweria, Mganda anayewafanyia kazi za ndani, husimama katikati kama kituo cha mpaka, akipitisha karatasi.

Ukoo huu una desturi yake. Mtu akifa akaacha mtoto, vitu vya baba vinavyomwangukia mtoto huandikwa kimoja kimoja, hufungiwa, na haviguswi na mtu mpaka mtoto akue. Saa tatu, jambia, darubini, majoho. Namba 29: bunduki moja ya kuwindia, mitutu miwili, pamoja na kasha la risasi.

"Itakaa wapi hii, madam?"

"Stoo ya kampuni, na vitu vyengine. Humu ndani Hilali ataichezea."

Mwisho wa orodha kuna mstari: *Vimepokewa na kuwekwa stoo na.* Nikasaini. Mwaka wa pili sasa kila kinachoingia stoo nakipokea mimi kwa saini, magodoro, ndoo, friji za watu. Mkono umezoea kuliko kichwa. Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipokumbuka kwamba nilisomea sheria miaka minne.

4 Juni

Nimefungua faili la marehemu. Leseni ya bunduki ipo, ina jina lake na picha yake akiwa na ndevu nyeusi. Leseni hairithiwi kama saa. Imekufa na mwenyewe. Nimeisoma sheria ya nchi hii kwa Kiingereza mara tatu, mlango umefungwa. Haina mafumbo: bila leseni huna bunduki, na mtoto hapewi leseni. Aliyebakiwa na bunduki ya marehemu aende kutoa taarifa.

Na yule aliyeandika kwa mkono wake kwamba ameipokea? Hakutajwa, lakini nilijiona.

5 Juni

Nimempigia Madam. Nilikuwa nimeandika kwanza maneno yangu kwenye karatasi ili nisipoteze mstari.

"Madam, ile namba 29 ingefaa ipelekwe polisi. Ni kuisalimisha tu, wala hakuna kosa kwa sasa."

"Kuisalimisha kwa nani? Bunduki ya babaake?"

"Kwa serikali, madam. Hilali hajafikia umri."

"Ndiyo maana imewekwa. Akifikia, atapewa."

"Sheria haisubiri akue, madam."

Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni.

"Severin, mali ya yatima hailiwi. Leo nikiitoa, kesho mwanangu akiniuliza, na Mungu akiniuliza, n'tajibu karani kaniambia? Wewe kwenu Bukoba mkifiwa mnawagawia askari vitu vya marehemu?"

"Hapana, madam."

"Basi usinitie maneno nami nimo edani. Nikitoka n'takwenda mwenyewe kuulizia. Khalas."

Nimehesabu. Anatoka tarehe 2 Septemba. Siku themanini na tisa.

9 Juni

Joto. Miwani inaingia ukungu kila ninapotoka nje. Hakuna jipya.

11 Juni

Niliyomwambia Mubarak jana mchana, kwamba naogopa ile bunduki, leo Madam ameyajua. Amenipigia kuniuliza kama mimi ni mwanamume. Mubarak ni mlinzi wetu wa mlangoni, Mganda, tunakula wote sahani moja. Siwezi kumshuku yeye. Joweria alituletea chai kutoka nyumbani tukiwa tunaongea. Mwanamke yule ana masikio kama ya popo. Kuanzia leo mbele yake nazungumzia hali ya hewa tu.

22 Juni

Shule zimefungwa. Hilali ameshinda ofisini, miguu juu ya meza ya marehemu.

"Karani. Bunduki yangu i wapi?"

"Ipo."

"Nataka kuiona tu."

"Mpaka mama aseme."

"Mama kakwambia uiweke, hajakwambia uile." Akamgeukia Mubarak. "Umemuona huyu? Kapewa kuku amfuge, anakaa juu ya mayai."

Mubarak akacheka. Mimi pia nikacheka, na nimejichukia kwa hilo mpaka sasa.

Alipoondoka nilikuta faili la orodha liko wazi juu ya mashine ya kopi. Mubarak anasema kijana aliipiga picha kwa simu. Ya nini? "Labda anapenda mwandiko wako, bosi," Mubarak akasema.

29 Juni

Ramadhani imeanza. Tunafunga ofisi saa nane. Watu wakali kwa kiu, na mimi ninayekunywa maji chooni kwa kujificha ndiye mkali kuliko wote.

6 Julai

Kiyoyozi cha ofisi kimekufa. Fundi amesema kesho, inshallah. Najua inshallah ya fundi.

7 Julai

Hakuja.

13 Julai

Naingia stoo kila asubuhi kuitazama. Iko rafu ya juu, imeviringishwa blanketi la kijani na kufungwa kamba ya katani. Tangu niifunge sijaigusa. Naitazama kama mtu anavyotazama uvimbe mwilini mwake: uko vilevile, basi leo hatufi.

28 Julai, Idi

Ofisi imefungwa, lakini Madam amepiga simu saa tano.

"Idi mubarak, Severin."

"Nawe pia, madam."

"Hilali na wenziwe wanakwenda jangwani. Ana huzuni, Idi ya mwanzo bila ya babaake. Mfungulie aishike kidogo. Risasi usimpe."

"Madam, funguo…" Nikasema uongo. Nilisema funguo nimeziacha ofisini na ofisi imefungwa. Zilikuwa mfukoni mwangu, zinanichoma paja.

"Kwani ofisi iko Misri?"

"Sijisikii vizuri, madam. Natapika."

Akakata. Dakika kumi baadaye ukaja ujumbe wa Hilali: picha ya orodha, saini yangu ikiwa imezungushiwa duara jekundu. Chini yake: *Bunduki ni ya nani, karani? Soma jina.*

Ana miaka kumi na sita na ameshaelewa karatasi ile kuliko mama yake. Mtoto hawezi kuwa na bunduki. Kwa hiyo, ikitafutwa bunduki, itatafutwa kwa mtu mzima, na mtu mzima aliyeandikwa ni mmoja tu.

Halafu nikatapika kweli.

3 Agosti

Mubarak ana simu mpya, ya bei. Anasema kaka yake kamtumia kutoka Kampala. Simu hutumwa kutoka hapa kwenda Kampala. Sijawahi kusikia inayorudi.

10 Agosti

Fundo limebadilika.

Kamba ya katani niliifunga mimi fundo la gunia, kama tunavyofunga kahawa nyumbani. Leo imefungwa fundo la viatu. Nimehesabu risasi kwa macho bila kushika kasha: zimepungua nne.

Nikamfuata Mubarak mlangoni.

"Nani ameingia stoo?"

"Bosi, mimi nalinda mlango wa nje."

"Una funguo za akiba."

"Mtoto wa mwenye mali anaomba kuona mali yake. Mimi nitakataa kama nani? Anachukua Alhamisi, anarudisha Ijumaa. Anapiga makopo tu huko mchangani."

"Ni kosa, Mubarak. Ni mtoto."

"Kwetu mtoto wa miaka kumi na sita ana mke."

"Na yale niliyokuambia mwezi wa sita, ni wewe uliyempelekea Madam?"

Hakuona haya hata kidogo. "Madam aliniuliza. Wewe ungemficha anayekulisha?"

Kwa hiyo ni miezi miwili nimemnunia Joweria bure, na nimelamba sahani moja na huyu. Nimebadilisha kufuli kwa fedha yangu. Sikumwambia mtu. Polisi sikwenda. Nilifika mpaka kituo cha basi, basi likaja, likaondoka.

14 Agosti

Madam ameamuru kufuli la zamani lirudishwe. "Umemfungia mwanangu mali yake kwa kufuli lako? Wewe nani?" Nimelirudisha.

19 Agosti, Jumanne

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, mgongo ukutani.

Saa tisa alasiri nilikuwa ofisini juu nachapa orodha ya mizigo ya kesho. Ukasikika mlio chini, mmoja. Nilidhani kiyoyozi kimepasuka. Kisha nikamsikia Mubarak akisema neno moja la Kiganda, taratibu, kama mtu aliyesahau kitu.

Nikashuka. Alikuwa amekaa sakafuni stoo, ameegemea magodoro ya mteja wa Mombasa, kiatu cha kushoto kimetoboka toboka na damu inatoka kwenye matundu kama maji ya bomba bovu. Hilali amesimama mbele yake na bunduki mikononi. Uso umekuwa wa mtoto wa miaka kumi.

"Haikuwa na kitu," alikuwa akisema. "Wallahi haikuwa na kitu. N'likuwa namuonesha tu."

"Weka chini," nikamwambia.

Hakuweka chini. Alininyooshea kitako chake. "Ichukue. Ichukue, kaka Severin."

Tangu nimjue hajawahi kuniita kaka. Nikaipokea. Irene, mtu akikunyooshea kitu unapokea, ndivyo mikono ilivyo, na yangu zaidi. Ilikuwa na joto. Nikasimama nayo pale kama dakika nzima, vidole vyangu kila mahali, mpaka akili iliporudi. Nikaiviringisha blanketi, nikaiweka rafuni, nikafunga stoo.

Nilitaka kuita ambulensi. Mubarak ndiye aliyenishika mguu wa suruali.

"Usiite, bosi. Visa yangu ni ya kampuni nyingine. Wakinikuta kazini hapa nimeisha."

Hilali alikuwa ameshampigia mama yake. Akaweka simu kwenye spika, na sauti ya Madam ikajaa mle ndani, shwari kabisa.

"Mwanangu kaumia?"

"Hajaumia, madam. Mubarak ndiye…"

"Alhamdulillahi. Asitoke mtu. Namtuma mtu."

Alikuja bwana mmoja wa duka la dawa, rafiki wa marehemu. Akamtoa chembe saba za risasi kwa koleo dogo, Mubarak akiuma taulo. Alisema zimebaki mbili kwenye mfupa, hawezi kuzifikia. Hilali alikuwa ameshapelekwa nyumbani kula.

Nimeosha sakafu mimi. Magodoro nimeyageuza upande wa pili. Hayo nayo ni makosa, nayajua kwa majina yake.

20 Agosti

Mubarak amelala kwenye chumba cha walinzi. Homa.

21 Agosti

Homa.

22 Agosti

Nimempelekea uji. Hakunitazama. Mguu umekuwa mweusi kwenye kidole gumba. Nimempigia Madam mara tatu kwamba apelekwe hospitali. "Subiri," amesema. "Siku kumi na moja tu nimebakisha."

Mguu wa mtu hauna eda.

24 Agosti, Jumapili

Nimemwita teksi mwenyewe, nikamtia ndani, nikamlipia dereva. Sikwenda naye. Niliogopa. Naandika ilivyo.

Saa kumi Joweria alipiga, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Kaka Severin, daktari ameona zile risasi. Wameita polisi. Mubarak amesema bunduki ni ya karani, funguo anazo karani."

"Umejuaje?"

"Polisi wamempigia Madam. Nilikuwa nashika simu, yeye anasikiliza."

25 Agosti

Hawajaja. Nimevaa shati safi, nikakaa. Kila lifti inapofunguka nasimama wima. Wamekuja wateja wawili na muuza maji.

26 Agosti, Jumanne

Lifti ilifunguka saa nne, na aliyetoka ni Madam Swafiya.

Wiki moja kabla ya wakati wake. Sikumtambua mpaka aliposema. Mzee akiwa hai hakuwahi kuja ofisini; nilikuwa na sauti tu miezi minne, nikaijengea mwanamke mkubwa, mnene. Ni mdogo kwa umbo, macho hayajalala. Alikaa kwenye kiti cha wateja, si cha marehemu.

"Umenitoa edani," alisema. "Mungu na akulipe."

Akaweka karatasi mezani. Imechapwa vizuri, Kiarabu na Kiingereza. Inasema kwamba mimi niliichukua bunduki kutoka nyumba ya marehemu bila ruhusa ya familia, nikaificha stoo, na kwamba tarehe 19 ilifyatuka mikononi mwangu.

"Saini hapo. Jioni polisi wanakuja kuichukua bunduki. Mwanasheria kasema wewe watakurudisha kwenu tu. Miezi michache, halafu ndege. Nami n'tamtunza mamaako."

"Na Hilali?"

"Hilali ana miaka kumi na sita!" Akapiga meza. "Akiandikwa kwenye mafaili ya polisi leo, ataandikwa mpaka kufa. Hatopata kazi, hatopata mke. Wewe kwani una nini cha kupoteza? Chumba cha kitanda kimoja?"

Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayechagua sufuria ya kuunguza. Na kwa muda mfupi, Irene, nilimwelewa, ndiyo maana nimeogopa zaidi.

"Madam, nilikuambia tarehe tano Juni."

"Uliniambia kwa simu! Kwa sauti ya paka! Mtu anayejua jambo kubwa namna hiyo huja akasimama mlangoni akapiga kelele. Wewe uliogopa kazi yako. Sasa unaiogopea nini?"

Nikaisukuma karatasi upande wake.

"Ile ya kwanza nilisaini kwa mazoea," nikasema. "Hii sisaini."

Aliitafuta mikono yangu kwa macho, kama anangoja yenyewe inisaliti. Nilikuwa nimeikalia. Kisha akakunja karatasi yake.

"Basi n'tasema mwenyewe. Tuone wataamini la nani. La mjane, au la karani."

Jioni hawakuja. Pengine mwanasheria bado anatafuta maneno.

27 Agosti

Joweria amenifuata duka la chapati. Ndani ya mfuko wa nyanya kulikuwa na pasipoti yangu, ile ambayo Madam amekaa nayo tangu nifike.

"Alikuwa ameweka chini ya nguo za marehemu," akasema. "Ondoka leo. Kuna ndege ya usiku."

"Akijua ni wewe?"

"Nitasema sijui." Akatazama nyanya. "Mimi nilimwona Hilali akitoka na funguo za Mubarak ile Alhamisi, na ile nyingine. Lakini usiniambie niseme huko polisi, kaka. Nina watoto watatu Masaka."

Huyu ndiye niliyemwandika kuwa ana masikio ya popo. Sitaukata ule mstari. Ubaki, unionye.

Nimekaa na pasipoti tangu mchana nikiipima. Nikiondoka, karatasi itabaki na saini yangu, vidole vyangu vitabaki kwenye bunduki, na kukimbia kwangu kutakuwa ushahidi wa tatu. Kisha watauliza nani alifungua kabati akanitolea pasipoti. Nyumbani mle wanaishi watu watatu, na wawili ni wenye nyumba.

28 Agosti, Alhamisi, asubuhi

Nakwenda mwenyewe, kabla hawajanijia. Bunduki siibebi. Iko rafu ya juu, blanketi la kijani, nitawaambia. Nimebeba kopi ya orodha, leseni ya marehemu, na ujumbe wa Hilali wenye duara jekundu pamoja na tarehe yake. Nitawaambia niliosha sakafu. Nitawaambia niliipokea mara mbili. Nikiulizwa pasipoti nilipataje, niliichukua mimi, kwa mkono wangu, na Joweria hakuwepo nyumbani. Huo ndio uongo pekee nitakaousema. Nimeufanyia mazoezi mpaka umekuwa laini.

Daftari hili, pamoja na bahasha ya karatasi nyingine, nakuachia dukani kwako, chini ya vitambaa vya pazia, kabla ya kuvuka maji kwenda kituoni Deira.

Sasa shika haya. Mpaka Jumamosi adhuhuri usifanye lolote. Simu yangu ikiwa bado imezimwa, nenda ubalozi wetu mdogo Jumapili asubuhi, mapema, uvae vizuri, uwaachie kopi za karatasi zilizo kwenye bahasha. Kopi, si zile za asili. Kisha nenda kituo cha polisi nilichokiandika nyuma ya bahasha, uchukue kitambulisho chako. Usiniulizie kwa jina la Severin wa mizigo, hawatamjua. Sema Severin Kaijage Rwezaura, Mtanzania, aliyekuja kwa miguu yake Alhamisi. Hilo la miguu yake lirudie, hata wakikunja uso. Usipige simu ofisini. Usimpigie Joweria kwa sababu yoyote. Hilali akikutafuta kwa maneno matamu, kata.

Wakikuuliza wewe ni nani kwangu, sema dada. Si uongo, kwetu mtoto wa baba mdogo ni dada. Usiseme rafiki. Rafiki huambiwa aje kesho.